Mashangingi Yangu Mawili

Sikumwomba mtu ruhusa nilipolinunua la kwanza, na nilipolinunua la pili sikumwomba pia. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo watu hapa Dodoma wanaodhani magari yale yalikuwa ya mume wangu, na wapo wanaodhani yalikuwa ya mtu mwingine ambaye hawataki kumtaja mbele yangu. Yalikuwa yangu. Nimeyaendesha yote mawili miaka mingi, kwenye lami na kwenye makorongo, kiangazi na masika, na ninayo haki ya kuyasema.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa asante. Mume wangu alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, watoto walikuwa wanne, tumepanga Makole. Wenzangu wengi walifunga mizigo wakarudi makwao. Mimi nilichukua kiinua mgongo changu nikaanza kununua karanga kwetu Mlali na kuzileta mjini. Baada ya karanga nikaingia kwenye alizeti. Ilikuwa ile miaka ambayo kitu kilichokuwa kikiitwa ulanguzi kilianza kuitwa juhudi, na maduka yaliyokuwa na sabuni ya kipimo yakajaa redio na mazulia. Mwishowe nikajenga nyumba ya wageni Area C. Bunge lilipozoea kukaa Dodoma vikao virefu, vyumba vyangu havikupata nafasi ya kupoa.

Waheshimiwa walikuja na magari yao. Mji wetu ulikuwa wa baiskeli na malori ya mahindi, ghafla ukajaa magari makubwa ya kifahari, marefu kwenda juu, vioo vyeusi, kiyoyozi kinanguruma hata gari likiwa limesimama. Watu wakayaita mashangingi. Neno lenyewe halikuanzia kwenye magari. Shangingi alikuwa mwanamke wa mjini, aliyeijua dunia, mpenda anasa, ambaye wake za watu walimwogopa. Sasa fikiria mwanamke anayenunua shangingi. Midomo ya watu ilipata kazi nyepesi.

La kwanza lilikuwa la Kiingereza. Mhandisi mmoja wa mradi wa maji, mzungu aliyekuwa akilala kwangu kila alipotoka vijijini, alimaliza mkataba wake na hakutaka kulisafirisha gari lake. Lilikuwa la kijani, na ndani viti vya ngozi rangi ya asali, mbele kuna mbao iliyong'arishwa kama meza ya hakimu. Aliniambia nikae kwenye kiti cha dereva nione. Nilikaa. Kile kiti kilinipokea mgongo kama kilikuwa kimeambiwa habari zangu, na sikutaka kushuka.

Kuendesha nilikuwa najua. Dereva wa ofisini alinifundisha zamani, wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakienda kula mimi nazunguka uwanjani na gari la serikali. Mume wangu hakujua na hakutaka kujua. Jioni ile nilimwambia habari za gari, yuko mezani anasahihisha madaftari.

"Unalitaka?" akaniuliza.

"Nalitaka."

"Basi nunua. Lakini mimi usinitie kwenye usukani, naogopa. Nitakuwa nakusomea ramani."

Nyumbani kwangu neno lilikuwa hilo tu. Maneno ya nje yalikuwa mengi zaidi. Mama mmoja wa kwaya yetu alinishika mkono baada ya ibada, akaniambia kwa huruma kubwa kwamba mwanamke mwenye akili angenunua mashine ya kusaga. Nikamwambia mashine ya kusaga haiwezi kunipeleka kwa mama yangu. Akaniachia mkono.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kweli. Tuliingia wote sita, tukashika barabara ya Morogoro, na pale Mbande tukaiacha lami kwenda upande wa Kongwa. Njia ile nilikuwa nimeipita mara nyingi juu ya magunia ya karanga, kila bonde lake nalijua kwa kiuno. Gari lile lilikuwa linazama kwenye shimo na kuinuka taratibu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Watoto walilala. Mume wangu alikuwa na ramani magotini, ananitajia vilima ambavyo nimezaliwa navyo, nami namwacha ataje. Tulipofika Mlali mama yangu alilizunguka gari lote, akapapasa kiti cha nyuma, akaniuliza, "Ngozi ya ng'ombe wangapi hii?" Kisha akaingia, akakaa, akasema chakula aletewe humo humo.

Sasa nitasema ubaya wake. Lilikuwa linavuja oili. Popote liliposimama liliacha alama, hata mbele ya kanisa, na mzee wa kanisa alinionyesha ile alama kama vile nimetema mate. Vioo vyake vilikuwa vya umeme, na cha upande wangu kilikuwa na tabia ya kushuka na kukataa kupanda, hasa tukiwa kwenye vumbi la Kondoa. Kupanda mlima mrefu ilibidi jicho langu moja liwe barabarani, jingine kwenye mshale wa joto. Mafuta lilikunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani. Yote hayo niliyajua, nikalipenda hivyo hivyo, na wanaoshangaa nawauliza kama wao wanapendwa kwa kutokuvuja.

Kwao mume wangu ni Busi, na huko ndiko lilikotokea jambo lenyewe.

Wifi yangu mdogo, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa anaolewa Kondoa mjini. Tulikwenda siku moja kabla. Kaka mkubwa wa mume wangu ndiye aliyesimamia kila kitu, maana baba yao alikwisha kufariki. Shemeji huyo alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mwenye lori lake mwenyewe, mtu wa kuheshimika na sauti yake ilijua hivyo. Asubuhi ya harusi nilimkuta anafunga mashada ya maua ya karatasi kwenye boneti ya gari langu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Gari la bibi harusi nimeshalipangia dereva. Nitaendesha mwenyewe."

"Bibi harusi nitamwendesha mimi, shemeji."

Aliendelea kufunga ua, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Kisha akasema taratibu, bila ubaya, kama anavyofafanuliwa mgeni mila ya mji, "Leo wakwe wanatutazama. Mwanamke akishika usukani na wanaume tumekaa nyuma, watasemaje?"

"Watasema bibi harusi amefika."

Watu waliokuwa wakiosha masufuria walisogea karibu. Shemeji alimgeukia mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mswaki mkononi.

"Mdogo wangu, huyu ni mke wako. Sema neno."

Mume wangu alisukutua, akatema maji pembeni. "Ufunguo anao yeye, kaka."

Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga. Shemeji alilitazama lile fundo, akanitazama mimi, halafu akaanza kuyafungua maua yake moja baada ya jingine. Aliyapeleka kwenye pikapu ya rafiki yake mmoja wa sokoni.

Natamani kusema ile pikapu ilikwama njiani. Haikukwama. Ilikwenda vizuri mpaka Kondoa, bibi harusi mbele, honi inalia, mimi nyuma kabisa ya msafara, nimebeba vikongwe na masufuria, nakula vumbi la kila gari lililokuwa mbele yangu, nami ndiye mwenye gari zuri kuliko yote. Nililia kidogo, nikajifuta na pindo lile lile lenye ufunguo. Lakini nilikuwa naendesha mwenyewe, na ningeendesha hivyo mpaka Arusha kama ingebidi.

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye gari langu. Alikuwa mama mkali, mfupi, ambaye tangu niolewe hakuwahi kunisifu hata kwa chumvi kukaa sawa kwenye mboga. Nilipomuuliza asubuhi ile kama hatapanda na bibi harusi, alisema tu, "Hili lina ubaridi." Akapanda.

Siku ya kurudi Busi ndipo gari liliponiaibisha. Tulikuwa tunapanda kutoka kwenye korongo moja la mchanga. Nilisikia mlio chini ya miguu yangu kama mfupa unaovunjwa mdomoni, na baada ya hapo injini ilinguruma lakini magurudumu hayakujua habari zake. Giaboksi ilikuwa imekufa. Tulikaa pale juani, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe, mpaka tukaona vumbi linakuja kwa nyuma. Lilikuwa lori la shemeji. Amenunua mbuzi Kondoa anarudi nao nyumbani.

Alishuka, akalizunguka gari langu kama mama yangu alivyolizunguka, ila yeye alikuwa akitabasamu. Alifunga mnyororo mwenyewe. Kisha akajipangusa mikono.

"Haya, shemeji. Sasa aendeshe nani?"

Nilimjibu kwamba gari linalovutwa nalo lina usukani. Nikaingia, nikafunga mlango, nikashika usukani wangu. Alimwambia mama yake aende akakae mbele kwenye lori, apate kufika mapema. Mama mkwe hakunyanyuka.

"Sipandi na mbuzi," alisema.

Tukavutwa hivyo mpaka Busi. Watu walitoka nje ya nyumba kutuangalia. Mimi nilipunga mkono.

Hayo yote yalisafiri kuja Dodoma haraka kuliko mimi. Gari lilikaa uani kwangu miezi mingi likisubiri giaboksi kutoka ng'ambo, na kuku wakaamua kutagia chini yake. Wageni wangu waliliita banda la Kiingereza. Mama yule wa kwaya alikuja kunipa pole, na kwenye ile pole mashine ya kusaga ilitajwa tena. Giaboksi ilipokuja likatengenezwa, likawaka, nikalizungusha mjini wiki nzima nimeteremsha vioo ili watu wanione. Halafu nikamuuzia mtu wa Arusha aliyekuwa akibeba watalii. Nililiuza kwa hiari yangu, likiwa linatembea.

Watu walifikiri nimepata funzo. Nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, nikarudi nikiendesha la pili.

Hili lilikuwa la Kijapani, jeupe, kubwa zaidi, la aina ile ile waliyokuwa nayo waheshimiwa. Lilikuja na meli likiwa limeshatumika huko kwao. Vibandiko vyake vyote vilikuwa kwa Kijapani, na redio yake ilikamata stesheni za kwao tu, kwa hiyo kwetu ilikuwa inakoroma. Kibandiko kimoja chekundu kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote, na mpaka leo sijui kilikuwa kinanikataza nini.

Tofauti niliiona siku ya kwanza. Kulipanda ilikuwa kama kupanda darini. Viti vilikuwa vya kitambaa, vipana na vigumu kama benchi la zahanati. Kule Mbande tulipoiacha lami, lilikuwa halizami kwenye mashimo. Liliyapiga kwa kifua. Watoto hawakulala tena, walitapika, tukawa tunasafiri na malimao ya kunusa. Lakini asubuhi ukigeuza ufunguo, linawaka. Baridi ya Juni, linawaka. Mvua imenyesha siku nzima, linawaka. Mwaka mzima sikuona tone la oili chini yake. Lilikuwa na safu tatu za viti, kwa hiyo nilianza kubeba watu ambao zamani nilikuwa nawaacha, pamoja na magunia yao. Spea zake zilipatikana hadi kwenye vibanda vya Kibaigwa. Kwenye korongo lile lililoniaibisha nilipita siku ya masika, maji yanagonga milango, mume wangu ameinua ramani juu ya kichwa chake kana kwamba ndiyo mtoto, tukatokea ng'ambo.

Mama mkwe alipolipanda mara ya kwanza alivumilia mpaka Haneti, akaomba tusimame, akashuka kunyoosha mgongo.

"Lile lilikuwa linabembeleza," akasema. "Hili linafika tu."

Sijasikia mtu, fundi wala tajiri, aliyeyapambanua vizuri kuliko hivyo.

Ubaya wa la pili haukuwa kwenye chuma. Ulikuwa kwa watu. La kijani walilicheka, hili jeupe waliliogopa, na wakigundua walichokuwa wanaogopa ni mimi, walikasirika. Kila kizuizi cha barabarani ilikuwa mchezo ule ule. Siku moja tukitoka Mlali, askari mmoja kijana aliliona kwa mbali, akajinyoosha, akavaa kofia vizuri na kupiga saluti ya nguvu. Nikateremsha kioo. Alimwona mwanamke wa kilemba na kanga. Mkono ulishuka kutoka kwenye kofia kidogo kidogo.

"Mama, gari la nani hili?"

"Langu."

"Nauliza mwenyewe, mwenye gari."

"Unaongea naye."

Akainama kumtazama mume wangu, akaona shati safi na miwani, matumaini yakamrudia usoni. "Samahani, mzee. Shikamoo. Gari hili ni lako?"

Mume wangu aliikunja ramani yake. "Marahaba, kijana. Mimi ni abiria."

"Abiria?"

"Ndiyo. Na dereva wangu anachelewa."

Hakuna zawadi niliyopewa na mwanamume yule, na amenipa nyingi, inayolingana na ile. Askari alitukagua taa, tairi, breki, pembetatu, sanduku la huduma ya kwanza. Kila kitu kilikuwepo, maana nilikuwa nimejua mapema kwamba mimi ndiye nitakayekaguliwa. Akatuachia. Sikumwambia asante.

Watu huniuliza lipi lilikuwa bora, na huwa wanataka niseme la Kijapani, halafu watikise vichwa, tuwe tumekubaliana kwamba akili huja na umri. Siwapi raha hiyo. Kwa kufanya kazi, ndiyo, la Kijapani, hilo hata mbuzi wa shemeji wanajua. Watoto wangu wamesomeshwa na mgongo wake. Lakini ukinipa funguo zote mbili asubuhi ya leo, na barabara ni ya Mlali, na sina haraka, nitachukua la Kiingereza. Nitavuja nalo. Mwanamke wa hali yangu alifundishwa kutaka kitu kwa sababu kina faida, na kama hakina faida akitake kwa siri. Mimi nilikitaka mchana, mbele ya kanisa. Ile ngozi ya rangi ya asali haikunizalishia chochote, na siijutii.

Shemeji na mimi tuliendelea kuamkiana kwa adabu, yeye akiwa Busi mimi nikiwa mjini, wala hakuna aliyelitaja lile la harusi. Mama mkwe alipofariki tulibeba msiba pamoja, tukazika pamoja. Baada ya arobaini shemeji alikuja Dodoma, akalala kwangu, na asubuhi akabaki mezani baada ya wengine kuondoka. Mwanawe wa kike alikuwa amemaliza kidato cha sita na kupata kazi kwenye shirika moja la kilimo. Kazi ilitaka mtu anayejua kuendesha.

"Ningemfundisha mimi," alisema, "lakini ananiogopa. Mtu hafundishiki akiwa anaogopa."

"Mlete," nikamwambia.

Hakuniomba radhi, nami sikumdai. Alimleta mwezi ule ule. Tulikwenda na lile jeupe Mtumba, ambako siku hizi kuna wizara na maua na watu wenye vitambulisho shingoni. Wakati huo palikuwa pori na mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, ardhi tambarare, hakuna cha kugonga ila miiba. Shemeji na mume wangu walishuka wakasimama kwenye kivuli cha mgunga. Msichana alikaa kwenye usukani, akalizima gari mara nyingi mpaka nikaacha kusema kitu. Kisha klachi ilikubali, tukaondoka. Tulizunguka ule uwanja wote. Mara ya pili akaingiza gia ya tatu bila kuambiwa. Tulipokaribia mgunga baba yake alisogea mbele, akainua mkono kumwonyesha mahali pa kusimama.

Hakusimama. Nilimwona baba yake kwenye kioo cha pembeni, mkono bado uko juu, vumbi likimfunika, na mume wangu kando yake anacheka. Msichana aliniangalia haraka kuona kama nitamwambia kitu. Nilimwambia atazame mbele.